Daraja Usilomwonyesha Mtu

Hotuba kwa mafundi na wanafunzi wa kompyuta, Nyegezi, Mwanza

Mwangaluka, ndugu zangu. Wazee wetu mliokaa mbele, shikamooni. Na nyie vijana mliosimama mlangoni, ingieni, kuna benchi mbili tupu huku dirishani, msione haya.

Wapo hapa waliotoka Sengerema leo asubuhi. Sote tunaikumbuka foleni ya kivuko pale Kigongo: malori yamejipanga, wauza mayai na mahindi ya kuchoma wanazunguka madirishani, na mgonjwa anayekimbizwa Bugando amelazwa siti ya nyuma anasubiri zamu. Lile daraja la kilomita tatu lilipofunguliwa Juni 2025, shida ile iliisha. Wenzetu wa leo wamevuka kwa dakika chache. Na lile ni daraja la kuonekana. Mvuvi aliye mbali ziwani analiona, mgeni haulizi njia, na kadiri linavyojulikana ndivyo linavyofanya kazi yake.

Mimi nimekuja kuzungumzia daraja la namna nyingine. Hili, siku wasiotakiwa wakijua lilipo, ndiyo siku linapokufa. Ni daraja la Tor. Baadhi yenu mmeshaanza kuliendesha, na katika miezi hii nimekaa na wengi wenu, tumefungua seva zenu pamoja, nimeona. Kulisimamisha mnajua. Kulificha bado, na ndiyo sababu nikaomba nafasi ya leo.

Kwa ambao neno hili ni geni, nieleze kwa kifupi. Tor ni mtandao wa seva za watu wanaojitolea duniani kote. Wazo la kuufunga ujumbe kwa tabaka, kama maganda ya kitunguu, lilianzia katika maabara ya utafiti ya jeshi la majini la Marekani katikati ya miaka ya 1990. Mtandao wenyewe ulianza kazi 2002, na 2006 likaundwa shirika lisilo la faida, Tor Project, la kuulea. Mtu akifungua tovuti kupitia Tor, safari yake inapita seva tatu. Ya kwanza inaiona anwani yake ya IP, namba inayomtambulisha mtandaoni, lakini haijui anakokwenda. Ya mwisho inajua anakokwenda lakini haijui ametoka wapi. Ya katikati haijui hili wala lile.

Sasa, ili simu yako ichague seva hizo tatu, lazima ipate orodha yake. Orodha hiyo ni ya wazi, hutolewa upya kila saa, na yeyote anaipakua. Serikali inayotaka kuzuia Tor nayo inaipakua, inafunga kila anwani iliyomo, kazi imekwisha. China walifanya hivyo Septemba 2009. Hapo ndipo daraja linapoingia. Daraja ni seva ya mlango wa kuingilia ambayo haimo kwenye orodha ya wazi. Anwani zake hugawiwa chache chache kwa anayeomba: kwa barua pepe, kwa Telegram, au ndani ya kivinjari cha Tor chenyewe.

Urusi ilipoanza kufunga Tor Desemba 2021, watu walivuka kwa madaraja. Iran Septemba 2022, maandamano yalipowaka na mitandao ikafungwa, walivuka kwa madaraja. Nataka mumfikirie mtu mmoja tu kati ya hao. Hakujui, nawe humjui wala hutamjua. Amepewa mstari mmoja wa maandishi, ndani yake imo anwani ya seva yako, ameubandika kwenye simu yake usiku akiwa chumbani, akakuamini. Kwa lugha yetu kitu cha namna hiyo kina jina: ni amana. Mtu akikuachia mbuzi wake, humchinji na humwonyeshi mpita njia.

Mafundi wengi wakisikia habari ya kuficha seva wanadhani hasara ni kufungiwa anwani. Wanasema, ikifungwa nitachukua nyingine, seva ya kukodi ni hela kidogo kwa mwezi. Kufungiwa ndilo jambo dogo. Anayesimamia njia za intaneti za nchi, akishajua anwani fulani ni daraja, halazimiki kuifunga. Anaweza kuiacha wazi na kukaa pembeni akiandika kila anwani inayoiendea. Hataona mtu anasoma nini, hilo limesimbwa, lakini atajua nani anatumia Tor, saa ngapi, mara ngapi. Na kuna mahali duniani ambako hilo peke yake linatosha kugongewa mlango. Wewe huku Nyegezi utaendelea kuona idadi ya watu wako haijapungua, utafurahi.

Mimi nimekulia Ukerewe, baba yangu alikuwa mvuvi wa nyavu za sangara. Wanaotoka visiwani wanajua tatizo la wizi wa nyavu. Unazitega jioni, unaacha boya juu ya maji ili ujue pa kurudi, na boya hilohilo ndilo linalomwambia mwizi pa kuja. Wenye boti mpya walikuwa wanatumia madumu ya njano yanayoonekana toka mbali, wengine wanaandika na jina la boti kwa rangi. Baba alitumia dumu kuukuu lililokwisha kuwa na rangi ya maji, amelifunga jiwe dogo ili lizame nusu, halina jina, na alilipata kwa kulinganisha kilima cha nyuma na mti mmoja wa ufukweni. Alipotea mara moja moja, akazunguka nusu saa. Lakini nyavu alizikuta. Nitarudi kwenye dumu hili mara kadhaa, mnivumilie.

Boya la kwanza la seva ni poti, yaani mlango wenye namba ambao seva hupokelea mawasiliano. Kuna vijana wameniambia, mzee, nani atanitafuta mimi, seva ndogo katikati ya anwani bilioni nne? Mwaka 2013 watafiti wa Chuo Kikuu cha Michigan walitoa programu inayoitwa ZMap. Kwa kompyuta moja tu yenye intaneti nzuri, iliweza kugonga poti moja kwenye anwani zote za IPv4 duniani, ndizo hizo bilioni nne, chini ya dakika 45. Walipoijaribu kwenye poti 443 na 9001, waliyakuta madaraja mengi zaidi ya nusu yaliyokuwapo wakati ule. Kwa hiyo wingi wa anwani si kichaka cha kujifichia. Dunia nzima inagongwa mlango kila siku, na seva yako inagongwa humohumo.

Jibu la Tor ni vifuniko, yaani programu ndogo zinazoyavalisha mawasiliano sura nyingine. Kinachotumika sana ni obfs4. Ukigonga poti ya obfs4 bila kujua siri yake, haikujibu kitu, inakaa kimya kisha inakata. Siri hiyo imo ndani ya ule mstari aliopewa mvukaji, sehemu inayoanza na neno cert. Asiye na mstari anagonga ukuta. Hili ni jambo zuri sana, maana China walikuwa wamezoea kufanya hivi: wakiona mawasiliano yanafanana na Tor, wanatuma mgongaji wao kwenye seva ile baada ya dakika chache, anajifanya mvukaji, na akijibiwa kwa lugha ya Tor, anwani inafungwa. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Karlstad, Sweden, walilieleza hilo mwaka 2012.

Lakini sasa njooni hapa karibu, maana hapa ndipo nilipoona makosa kwenye seva zenu, na si moja wala mbili.

Daraja lina milango miwili. Mmoja ni ule wa obfs4, wa kimya. Wa pili unaitwa ORPort, ndio mlango wa Tor yenyewe, na huo si wa kimya hata kidogo. Ukiugonga unajibu kwa namna ambayo anayeijua Tor anaitambua. Miongozo mingi ya zamani inakuambia uufungue ORPort kwa dunia nzima ili Tor ijipime kama inafikika, na nyie mmenakili kama ilivyo. Maana yake umeweka makufuli matatu mlango wa mbele, na mlango wa uani umesimama mtu anayemsalimia kila apitaye kwa jina lako. Mgongaji hana haja ya kuhangaika na obfs4. Anapita uani.

Dawa yake ni mistari miwili kwenye torrc, faili ya mipangilio ya Tor. Wa kwanza: ORPort 127.0.0.1:auto. Huo unasema mlango wa Tor usikilize ndani ya mashine tu, atakayeufikia ni obfs4 iliyo ndani ya mashine hiyohiyo. Wa pili: AssumeReachable 1. Huo unaiambia Tor isijipime kutoka nje, maana haitajiona na itagoma kujitangaza. Kisha uiwashe upya. Ukimaliza, usiamini maneno yangu, nenda kwenye mashine nyingine kabisa, gonga poti zote za seva yako kwa programu ya nmap, uone ipi iko wazi. Nje inatakiwa iwe wazi ya obfs4, na ya SSH, ile unayoingilia kuisimamia seva ukiwa mbali, kama huna namna ya kuifungia kwa anwani zako. Ukishafanya hivyo, usishtuke ukurasa wa takwimu wa Tor ukionyesha kama vile daraja limezimika. Wenyewe unatazama mlango uliouficha. Upo ukurasa mwingine wa majaribio ya madaraja unaopima poti ya obfs4 yenyewe, huo ndio wa kuuliza.

Na poti 9001 iacheni. Inajulikana ni ya Tor tangu zamani, ni dumu la njano. Chagueni nyingine, na mkishaichagua msiibadilishe, maana imeandikwa kwenye ule mstari na kuna mtu mbali ameshaubandika.

Obfs4 nayo ina kikomo chake. Mawasiliano yake yanaonekana fujo tupu, hayafanani na kitu chochote, na Novemba 2021 China walianza kukamata hasa kile kisichofanana na kitu. Ndiyo maana Machi 2024 Tor Project ilitangaza kifuniko kingine, WebTunnel. Hiki hakijifichi kwa kuwa fujo. Kinajificha kwa kuwa tovuti ya kawaida, yenye cheti cha usalama, yenye kurasa, na daraja liko kwenye njia moja ya siri ndani ya tovuti hiyo, maneno ya kubahatisha ya herufi 24. Asiyeijua njia anaiona tovuti. Anayeijua anavuka. Mwenye tovuti halisi inayosomwa na watu, hata ya mapishi ya sato, huyo ana mahali pazuri kuliko mwenye ukurasa mweupe ulioandikwa "inakuja hivi karibuni".

Ila mnaoichagua WebTunnel, jihadharini na jina. Kila cheti cha tovuti kinachotolewa leo kinaandikwa kwenye daftari za wazi ambazo yeyote anazisoma. Ukijiombea cheti cha jina lenye neno tor, au bridge, au daraja, umelipaka dumu jina la boti. Vivyo hivyo jina la kinyume la anwani, lile linalotokea mtu akiiuliza anwani jina lake, ambalo kampuni ya seva inakuruhusu uandike. Niliona seva ya kijana mmoja wetu, hodari, amefunga kila kitu, kisha jina la kinyume amejaza maneno mawili yaliyosema kila kitu. Tulilibadilisha palepale na anwani ile tukaachana nayo, tukachukua nyingine.

Jina lingine ni Nickname ndani ya torrc. Watu wengi hawajui kwamba takwimu za madaraja ni za wazi. Anwani ya IP huondolewa, lakini jina ulilolipa daraja linabaki likisomeka. Kwa hiyo ukiliita jina la kompyuta yako, au jina unalotumia Instagram, au jina la mtaa wako, hapo umejifunga kamba mwenyewe. Wenye madaraja matatu wanaoyaita la kwanza, la pili na la tatu, wanamwambia msomaji kuwa akilipata moja atafute ndugu zake.

Na ndugu hupatikana. Mnajua mnavyofanya: unaandaa seva moja vizuri, unapiga picha ya diski, yaani nakala ya seva nzima, unaizalisha mara tatu. Ni njia ya haraka, hata mimi ninaitumia kwa kazi nyingine. Lakini ufunguo wa SSH wa ile mashine unazalishwa nao, zote tatu zinajitambulisha kwa ufunguo mmoja. Kuna mitambo inayogonga intaneti nzima na kuyaandika majibu kwa namna ya kutafutika. Mtu akilikuta daraja lako moja kwa bahati, anautafuta ufunguo wake, na mawili mengine yanajitokeza kwenye ukurasa uleule. Kila ukizalisha mashine, futa funguo za SSH, tengeneza mpya kabla hujaiwasha Tor. Na usiweke daraja kwenye mashine yenye tovuti ya mteja wako, wala kwenye anwani iliyowahi kuwa seva ya kawaida ya Tor. Anwani hiyo ilishaandikwa.

Sasa niseme la kwangu, maana nisipolisema nitakuwa nimewasema nyie tu.

Daraja langu la kwanza liligoma siku moja. Logi, yaani kumbukumbu ambazo seva hujiandikia, zilikuwa zinaonyesha kosa nisilolielewa. Nilikuwa nimechoka, ni usiku, nikapiga picha ya skrini nikaitupa kwenye grupu la WhatsApp la mafundi, watu zaidi ya mia mbili, nikaomba msaada. Msaada ulikuja ndani ya dakika kumi, ndugu zangu wale ni watu wema. Tatizo likaisha, nikalala. Asubuhi nikaifungua ile picha nikaitazama kwa utulivu. Juu kabisa, mstari wa pili, anwani ya IP nzima. Chini yake alama ya kidole ya seva, utambulisho wake wa pekee, herufi na namba 40, hakuna hata moja iliyokosekana. Na chini zaidi ule mstari wa obfs4 wote, pamoja na cert. Nilikuwa nimewapa watu mia mbili ufunguo wa nyumba ambayo si yangu peke yangu. Sikuwa na sababu ya kumshuku yeyote kati yao. Lakini picha ikishaingia kwenye simu mia mbili, humjui tena mwenye simu, wala fundi atakayeitengeneza, wala atakayeiokota kwenye daladala.

Daraja lile lilikuwa na watu. Kila baada ya saa sita Tor huandika kwenye logi mstari mmoja unaosema imeona wavukaji wangapi, na asubuhi ile ulikuwa unasema 23. Nilikaa na namba hiyo muda mrefu kabla ya kuzima. Nikiliacha, nawaacha watu 23 kwenye njia inayoweza kuwa inatazamwa. Nikizima, kuna 23 watakaoamka hawana njia, na hawatajua kwa nini. Nilizima. Hadi leo naamini nilifanya sawa, na hadi leo inaniuma.

Waswahili wanasema siri ya mtungi aijuaye kata. Wewe ndiye kata. Hakuna mtambo wa Beijing uliohitajika kulivunja daraja langu, nilitosha mimi na simu yangu.

Kuna njia ya kuomba msaada bila kufanya hivyo. Ingia kwenye folda ya Tor, kwa kawaida ni /var/lib/tor. Utakuta faili mbili zinazofanana majina, moja inaitwa fingerprint, nyingine hashed-fingerprint. Ya kwanza ni alama ya kidole halisi, hiyo haitoki nje. Ya pili imepitishwa kwenye hesabu isiyorudi nyuma, yaani ukiwa nayo huwezi kuitoa ya kwanza. Hiyo ya pili ndiyo unayotumia kwenye ukurasa wa takwimu, na ndiyo unayompa anayekusaidia. Logi ukitaka kuzionyesha, nakili mistari kwa maandishi, isome mmoja mmoja, futa. Picha ya skrini usipige.

Humohumo kwenye folda hiyo, kuna folda ndogo inaitwa keys. Hiyo ndiyo nafsi ya seva. Mwenye kuinakili anaweza kusimamisha seva nyingine ikajitambulisha kuwa ni wewe. Kwa hiyo nakala yake ya akiba isimbwe kabla haijatoka kwenye mashine, na ikae kwenye flashi iliyo nyumbani, isiende kwenye hifadhi ya mtandaoni iliyounganishwa na simu. Lakini wakati wa kuhamisha seva, keys peke yake haitoshi. Kijana mmoja aliyehamisha kwa uangalifu sana alikuja kwangu wiki ya pili, seva iko hewani, alama ya kidole ni ileile, wavukaji sifuri. Alikuwa ameisahau folda ya pt_state. Huko ndiko obfs4 inakoweka siri yake, kwenye faili inayoitwa obfs4_state.json. Isipoikuta, inajitengenezea mpya, cert inabadilika, na kila aliyeshika mstari wa zamani anagonga ukuta. Chukueni zote mbili pamoja siku zote.

Logi nazo. Tor kwa kawaida inafuta anwani za wavukaji kabla ya kuandika, na hata idadi ya wavukaji wa kila nchi inayoiripoti inaizungusha juu hadi kigawe cha nane, ili mtu mmoja peke yake kutoka nchi fulani asionekane ni mmoja. Ni uungwana mkubwa huo, mtu amekaa akafikiria. Msiuharibu kwa kuizima SafeLogging mkitafuta kosa. Wa WebTunnel, nginx, programu inayoihudumia tovuti yenyewe, haina uungwana huo: inaandika anwani ya kila mtu pamoja na njia aliyoiomba. Kwenye ile njia ya siri, zimeni uandishi wa logi kabisa. Ambacho hukukiandika hakiwezi kuibiwa wala kudaiwa.

Dada wa safu ya tatu aliniuliza pale nje kabla hatujaanza: yeye yuko Igoma, ana intaneti ya bando, umeme unakatika, hana hela ya seva ya kukodi, je, hana la kufanya? Analo. Obfs4 inataka anwani isiyobadilika na mashine isiyozimika, hiyo kwa laini ya simu haiwezekani. Kwake ipo Snowflake, ni kiendelezi cha kivinjari tu. Hapo hatuongelei tena daraja, ni mitumbwi. Maelfu ya mitumbwi midogo, kila mmoja unavusha mtu kwa muda, unaondoka, mwingine unakuja. Anayefunga mmoja hajafunga kitu. Hana funguo za kutunza wala anwani ya kuficha, aangalie tu bando lake.

Na mzee wangu hapa mbele ameuliza swali zito, naomba nilijibu mbele ya wote kwa heshima yake. Amesema: mwanangu, humo si wanapita na wahalifu? Wanapita, baba. Sitakudanganya. Mimi siwaoni wanaovuka, na nikijenga namna ya kuwaona, yule mtu wa chumbani naye ataonekana. Ninachoshika ni mlango wa kuingilia tu, anwani yangu haifiki kwenye tovuti wanazokwenda. Nimelipima, nimeamua, na mwingine akilipima akaamua asiendeshe, simwiti mwoga.

La sheria nitalisema wazi pia. TCRA, mamlaka yetu ya mawasiliano, walitoa tangazo Oktoba 2023 la kuwataka watumiaji wa VPN wajisajili, na kanuni zetu za maudhui ya mtandaoni zinagusa zana za kufikia yaliyokatazwa. Mimi ni fundi, si wakili. Kabla hujasimamisha seva, zisome mwenyewe, na muulize anayezijua. Kampuni unayokodi seva inakujua kwa jina na kwa kadi uliyolipia, kwa hiyo kuficha seva kwa mgongaji wa mbali hakukufichi wewe kwa mwenye nyumba. Na msije mkamwahidi mtu kwamba daraja litamvusha kila siku. Oktoba 29, 2025, intaneti ilipozimwa nchi nzima, hakuna daraja lililosaidia. Daraja linavuka kizuizi, na siku ile barabara yenyewe haikuwepo.

Tuingie kwenye vitendo. Kila mwenye seva akae na jirani yake, mmoja afungue torrc, mwingine agonge kutoka nje, kisha mbadilishane. Kijana wa projekta, washa. Mtakachokiona ukutani ni seva ya mazoezi niliyoiandaa jana, haina mvukaji hata mmoja, na jioni naifuta. Najua mngependa kuiona ile ya kweli. Hiyo sitaifungua humu ndani.